Kura ya Kampene Inafika Wapi?

Maneno tuliyotoa mbele ya vikundi vya wamama, vijana na wazee wa Kampene, teritware ya Pangi, jimbo la Maniema

 Asante kwa kuacha shamba, soko na machimbo ili kukaa pamoja nasi leo.

Tuseme kwanza sisi hatukuja kwa niaba ya nani. Hatukutumwa na chama chochote. Hatukuleta fulana wala kitenge chenye picha ya mtu. Kazi yetu ni amani, na tumeona kwamba ugomvi mwingi tunaoitwa kuusuluhisha katika vijiji huanza wakati wa uchaguzi na hauishi pale uchaguzi unapoisha. Jirani hamsalimu jirani kwa sababu ya kura. Ndugu wa tumbo moja wanakaa miaka bila kula pamoja. Ukiuliza sababu, unaambiwa: "Mtu wetu aliibiwa." Au unaambiwa: "Tulimchagua, akaenda Kindu, hatukumwona tena."

Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya mbunge wa jimbo: anavyopatikana, anavyofanya kazi, na kura yetu inavyosafiri baada ya kutoka mikononi mwetu. Tunaamini kwamba mtu anayejua njia ya kura yake hadanganywi upesi, na hapigani upesi.

Wabunge wawili, kazi mbili

Wengi wanachanganya. Tuna mbunge wa taifa, ambaye anakaa Kinshasa, na tuna mbunge wa jimbo, ambaye anakaa Kindu. Wote wawili tunawachagua sisi wenyewe. Maniema ni jimbo tangu mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa mara tatu, lakini bunge la jimbo lililochaguliwa kwa kura za watu wote tumelipata kwa Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006.

Mbunge wa jimbo ana kazi nne kubwa. Anatunga sheria za jimbo. Anapitisha bajeti ya jimbo. Anaichunguza serikali ya gavana, na bunge likikosa imani naye linaweza kumwondoa. Kazi ya nne ndiyo watu wengi hawaijui: yeye na wenzake ndio wanaomchagua gavana na maseneta. Sisi wa Kampene hatumpigii gavana kura. Hatuwapigii maseneta kura. Tunamchagua mtu mmoja, naye anakwenda kuchagua kwa ajili yetu.

Basi kura ya Kampene haibaki Kampene. Inakwenda Kindu kumweka gavana, na kutoka Kindu inafika Kinshasa kumweka seneta. Ukiiuza hapa kwa sabuni na chumvi, usidhani umeuza kitu kidogo.

Miaka mitano iliyogeuka kumi na miwili

Wazee mnakumbuka tarehe 29 Oktoba 2006. Siku hiyo tulimchagua rais katika duru ya pili, na kwa mara ya kwanza tukawachagua wabunge wa jimbo. Vita vilikuwa vimetuchosha. Watu walitembea mbali kwa miguu, wakapanga foleni mapema, na wengi walikuwa na imani kwamba sasa mambo yatasemwa kwa mdomo badala ya bunduki. Mwezi wa Januari 2007 wabunge wale wakawachagua maseneta na magavana. Katiba ilisema muhula wao ni miaka mitano.

Miaka mitano ikapita. Tarehe 28 Novemba 2011 tukapiga kura tena, lakini kwa rais na wabunge wa taifa tu. Uchaguzi wa wabunge wa majimbo ukaahirishwa. Ukaahirishwa tena na tena. Haukufanyika mpaka tarehe 30 Desemba 2018.

Hesabuni wenyewe. Mtoto aliyezaliwa siku tulipowachagua wabunge wa kwanza wa jimbo alikuwa na miaka 12 tulipowachagua wa pili. Kijana aliyekuwa na miaka 6 mwaka 2006 alikua akapata haki ya kupiga kura, na wabunge walikuwa wale wale. Hata maseneta waliochaguliwa mwaka 2007 walikaa mpaka 2019, maana wapiga kura wao ni wabunge wa jimbo.

Wengine wanauliza: je, hawa walivunja sheria kwa kubaki? Jibu linashangaza. Katiba, katika kifungu cha 103, inasema muhula wa mbunge unakwisha siku bunge jipya linapowekwa. Na kifungu cha 197 kinasema kanuni hiyo inawahusu pia wabunge wa majimbo. Maana yake, pasipo uchaguzi hakuna bunge jipya, na pasipo bunge jipya la zamani linaendelea. Miaka mitano imeandikwa katika karatasi. Kinachofanya iwe mitano kweli ni uchaguzi kufanyika kwa wakati wake.

Tukae kidogo hapo, ndugu zetu. Mbunge anayejua kwamba baada ya miaka mitano atarudi mbele yenu anawaogopa kidogo. Woga huo ni mzuri. Ndio unaomleta kijijini, ndio unaomfanya ajibu simu. Woga huo ukitoka, hata mtu mwema anaweza kusahau njia ya nyumbani. Hatusemi kwamba wote walisahau. Tunasema kwamba kwa miaka saba ya ziada hatukuwa na njia ya kuwakumbusha.

Na Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 101, haituruhusu kumfunga mbunge kwa amri zetu au kumrudisha nyumbani katikati ya muhula. Akishachaguliwa, amechaguliwa. Basi nguvu yetu iko katika siku mbili: siku tunayomchagua, na siku anaporudi kuomba tena. Siku hizo mbili tusizichezee.

Kwa nini aliyepata kura nyingi anaweza kushindwa?

Sasa tufike mahali ugomvi mwingi unapoanza. Matokeo yanatangazwa. Watu wanasema: "Mtu wetu alipata kura nyingi kuliko yule, kwa nini yule ndiye mbunge?" Mara moja neno la wizi linatoka. Wizi upo, tutausema. Lakini mara nyingine ni hesabu tu, na hakuna aliyetufundisha hesabu hiyo.

Penye kiti kimoja, mwenye kura nyingi anakichukua. Penye viti zaidi ya kimoja, kura zinahesabiwa kwanza kwa orodha ya chama, halafu kwa mtu. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kuna viti 3 na kura 30,000. Kiti kimoja kinahitaji kura 10,000. Orodha ya kwanza imepata 14,000, ya pili 9,000, ya tatu 7,000. Orodha ya kwanza inachukua kiti kimoja kwa kura 10,000, inabaki na 4,000. Viti viwili vilivyosalia wanapewa wenye mabaki makubwa: orodha ya pili yenye 9,000, na ya tatu yenye 7,000.

Sasa tuangalie watu. Katika orodha ya kwanza, mgombea mmoja alipata kura 8,000 na mwenzake 6,000. Wa 8,000 anaingia, wa 6,000 anabaki nyumbani. Katika orodha ya tatu, aliyeongoza alipata 4,000 tu. Yeye anaingia. Wa 6,000 amekosa na wa 4,000 amepata, na hakuna aliyeiba hata kura moja.

Kuna na kizingiti. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2017, chama kinapaswa kufikisha asilimia 3 ya kura ili kihesabiwe katika ugawaji wa viti vya bunge la jimbo. Kwa viti vya taifa ni asilimia 1. Mtu anaweza kupendwa sana kijijini kwake, akapata kura zote za ukoo wake, lakini chama chake kikiwa chini ya kizingiti, kura hizo hazimpi kitu.

Kwa hiyo mgombea akija, msimwulize jina la baba yake na kijiji chake peke yake. Mwulizeni: chama chako ni kipi, nani wengine wako katika orodha, na mnatumaini kufika kizingiti kwa njia gani? Akikosa jibu, ni heri mjue mapema kuliko kupigana baadaye.

Soko la kura

Wizi tulisema tutauzungumzia. Baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza tarehe 5 Januari 2024 kwamba imefuta kura za wagombea 82 nchini kwa udanganyifu, rushwa, kujaza kura zisizo halali na kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Katika Masimanimba na Yakoma uchaguzi wa wabunge ulifutwa wote, na watu wa huko walipaswa kurudia kura mwezi wa Desemba 2024. Mwaka mzima bila wabunge wao, kwa sababu ya watu wachache.

Lakini soko haliishi kwetu. Mwezi wa Machi 2019, wabunge wa majimbo walipochagua maseneta, malalamiko ya kununuliwa kwa wabunge yalitoka pande nyingi za nchi. Maandamano yakafanyika katika miji kadhaa. Tarehe 18 Machi 2019 kikao kilichoongozwa na Rais kikasimamisha kwa muda kuwekwa kwa maseneta, na uchaguzi wa magavana ukasogezwa mpaka Aprili.

Tazameni mnyororo huo. Mgombea anatumia pesa kununua kura za kijiji. Akifika Kindu anataka kurudisha pesa zake. Anayetaka kuwa gavana au seneta anajua hilo, anamfuata na bahasha. Gavana aliyeingia kwa bahasha naye anataka kurudisha zake. Atazitoa wapi? Zitatoka katika barabara ambayo haikutengenezwa, katika dawa ambazo hazikufika hospitali, katika mshahara wa mwalimu. Ile sabuni tuliyopewa tulidhani ni zawadi. Ilikuwa mkopo, na sisi ndio tunaoulipa, pamoja na riba.

Tulipokuwa tukipita katika vijiji, wamama wengi walitujibu wazi: tuna njaa, zawadi zao tutazichukua. Hatukuja kumhukumu mama mwenye njaa. Tunamwambia hivi tu: ndani ya chumba cha kura hakuna anayekuona. Chumvi haina haki ya kukufuata mle.

Ngazi ya siasa na ngazi ya Bwami

Wengine wanasema mbunge wa huku kwetu hana uzito. Si kweli. Tukumbuke watoto wawili wa Maniema. Emmanuel Ramazani Shadary, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo hili, alichaguliwa mbunge wa taifa huko Kabambare mwaka 2006 na tena 2011. Baadaye akawa naibu waziri mkuu na waziri wa mambo ya ndani, na mwaka 2018 akagombea urais, akatangazwa wa tatu. Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu, alikuwa waziri mkuu tangu 2012 mpaka 2016. Mwaka 2019 wabunge wa jimbo letu wakamchagua seneta, na Desemba 2023 akachaguliwa mbunge wa taifa wa Kindu. Tarehe 20 Mei 2025 Mahakama ya Katiba ikamhukumu miaka 10 ya kazi za lazima katika kesi ya mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo. Yeye alikana mashtaka hayo.

Hatuwataji ili tuseme nani mwema na nani mbaya. Hiyo si kazi yetu. Tunawataja ili mwone kwamba kura za teritware za Maniema zinaweza kumpandisha mtu mpaka karibu na kilele cha nchi, na kwamba aliye juu naye anaweza kuitwa mbele ya mahakama. Ngazi ni ndefu, na sisi ndio tunaoishika kwa chini.

Na ninyi Warega mnaijua ngazi kuliko watu wengi. Wazee wenu walikuwa na Bwami. Mtu alipanda daraja moja baada ya jingine, na wa juu kabisa walikuwa kindi. Mali ilihitajika, ndiyo, lakini haikutosha. Wakubwa walimtazama mtu kwa muda mrefu: anaishije na mke wake, anatuliza ugomvi au anauchochea, anagawa au anakula peke yake? Walifundishana kwa methali na kwa sanamu ndogo za mti na za pembe. Wabeleji waliifuta Bwami mwaka 1948, lakini swali lake halikufa. Kwa nini mtu wa Bwami alichunguzwa miaka mingi, na mtu wa kutuwakilisha tunamchunguza siku tatu za nyimbo na pombe?

Vita inakula kura

Kuna jambo jingine linalotutia wasiwasi. Desemba 2023 watu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakupiga kura kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Wenzetu wa Beni, Butembo na Yumbi yaliwapata kabla: Desemba 2018 wenzao walipiga kura, wao wakangoja mpaka Machi 2019, na kura yao ya rais haikuhesabiwa kamwe. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zikaingia mikononi mwa M23. Teritware yetu inapakana na Shabunda, Kivu ya Kusini. Vita si hadithi ya mbali kwetu.

Mahali penye vita, kura ndiyo ya kwanza kupotea. Na mahali pasipo na mwakilishi aliyechaguliwa, vijana wanaambiwa haraka kwamba bunduki ndiyo itakayosikilizwa. Ndiyo maana tunasema kulinda amani ya Kampene ni kulinda kura ya Kampene, na kulinda kura ni kulinda amani.

Tunawaomba mambo matano

Uchaguzi ujao unatazamiwa mwaka 2028. Tusingoje mwaka huo ufike.

La kwanza: wekeni daftari. Kila mgombea akitoa ahadi, iandikwe, na tarehe, mbele ya mashahidi. Daftari likae mahali ambapo si pa chama, kwa mfano kwa kamati yenye mkristo, mwislamu, mama na kijana. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa husahauliwa.

La pili: mwiteni mbunge wakati wa likizo ya bunge. Tunajua njia ya kutoka Kindu wakati wa mvua, pikipiki inazama katika matope. Lakini alipotaka kura alipita njia hiyo hiyo. Mwiteni kwa barua yenye heshima, na mumsikilize pia. Awaeleze alimpigia nani kura ya gavana, na alisema nini juu ya bajeti. Mkiwa na matusi hatarudi.

La tatu: wagombea wote wa hapa waitwe pamoja kabla ya kampeni, waahidi mbele ya wazee na viongozi wa dini kwamba hawatawatuma vijana kupiga watu. Mama wa vijana hao awepo asikie.

La nne: anayeona ameibiwa aende mahakamani. Malalamiko ya uchaguzi wa wabunge wa jimbo yanapelekwa kwenye mahakama ya rufaa huko Kindu, na siku za kuyapeleka ni chache. Afadhali shahidi mwenye karatasi ya matokeo ya kituo kuliko vijana mia wenye mawe. Kwa hiyo kila mgombea awe na shahidi kituoni, na shahidi ajue kusoma na kuandika.

La tano: wamama na vijana wasiitwe kucheza ngoma tu. Katiba, kifungu cha 14, inazungumza juu ya usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi. Mama anayesuluhisha ugomvi wa soko kila wiki ana akili ya kukaa katika bunge la Kindu.

Ndugu zetu wapendwa, tumesema mengi. Mkisahau yote, kumbukeni hili moja. Mbunge ni mtu tuliyemkopesha sauti yetu. Tulidhani tumeikopesha kwa miaka mitano, ikakaa huko kumi na miwili. Tusimchukie aliyeichukua. Tujifunze kuiomba irudi kwa wakati wake, kwa maneno, kwa karatasi, na kwa kura, bila damu ya mtoto wa mtu yeyote.

Sasa tumemaliza, na maswali ni yenu. Wazee waanze, halafu wamama, halafu vijana. Lakini safari hii, kama wazee wanakubali, tuwape wamama wa kwanza.